Bibi Nesi na Mshipi wa Waya

Sijawahi kumwona mtu mwingine Newala akiosha mshipi wa kuvulia samaki kwa maji ya kunywa. Na Newala maji si kitu cha kuchezea. Bomba linaweza kukaa kimya mpaka buibui akajenga mdomoni mwake, na sisi wanawake tunaamka na ndoo tukiulizana leo ni mtaa gani umebahatika. Katikati ya shida hiyo jirani yangu alikuwa akirudi kutoka baharini, anajaza beseni kubwa maji safi, anatumbukiza humo gurudumu la kuviringishia mshipi wake, kisha analisugua kwa mswaki wa meno, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

"Chumvi inakula," alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyemwuliza.

Mimi nikimtazama kutoka upande wangu wa ua, na ndoo yangu nusu, nilikuwa nachemka. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akinifokea nikisuuza sufuria mara mbili.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Nesi. Alikuwa amefanya kazi pwani miaka mingi katika chumba cha upasuaji wa macho, na alipostaafu akaja kujenga huku juu, mahali ambapo ukitaka bahari lazima upande basi alfajiri na ufike jua limeshakuwa kali. Fimbo ya kuvulia aliachiwa na daktari mgeni aliyekuwa akifanya naye kazi. Daktari mkataba ulipokwisha alibeba nguo zake, akamwachia Bibi fimbo, gurudumu na ugonjwa wa kuvua. Samaki wenyewe hakuwala. Alisema wana harufu. Akipata kolekole au nguru aligawa wote pale pale ufukweni, akapanda basi kurudi kula kisamvu na ming'oko yake, vile viazi pori vya kwetu. Baharini nako, nilikokuwa nikimsindikiza wakati wa likizo, alitapika kila safari, kuanzia ghuba ya Mikindani ilipofunguka mpaka tuliporudi kukanyaga mchanga. Niliwahi kumwuliza anafuata nini huko.

"Nafuata ule mguso," alinijibu. "Samaki akigusa chini kule, waya unakuambia hapa hapa." Akanigonga kiganjani kwa kidole.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake juu ya waya. Watu wengine wote huvua kwa nailoni. Bibi Nesi alisema nailoni inavutika kama uongo, samaki anauma huku wewe unapata habari baadaye. Tena nailoni haizami mpaka uitundike risasi nzito. Waya unazama wenyewe kwa uzito wake. Chombo kikienda polepole, ukauachia waya wa kutosha, chambo kinateremka mpaka kule wanakolala wakubwa. Wavuvi wanaita kurambaza, kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Yeye alirambaza, lakini hakutulia na fimbo mkononi kama wengine. Aliielekeza majini, akaivuta mbele kwa nguvu kama mtu anayefagia uwanja, akairudisha, akaivuta tena, ili kule chini chambo chake, kipande cha risasi chenye manyoya, kirukeruke kama dagaa aliyejeruhiwa. Alifanya hivyo saa nzima bila kupumzika, huku akitapika pembeni.

Ila kabla ya kuvua kuna kuufunga huo waya, na hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa bahati mbaya ya kuwa jirani.

Waya hauviringishwi ovyo. Kwanza unajaza gurudumu kwa uzi wa kawaida, uwe kama godoro. Juu ya uzi unaunga waya kwa fundo jembamba linaloweza kupita kwenye vipete vya fimbo bila kukwama. Halafu unauzungusha waya wote ukiwa umekazwa, umekazwa kweli, maana ukilegea hata kidogo unajitutumua, unaruka kwenye gurudumu na kujikunja vitanzi. Kitanzi kikivutwa kinakuwa mkunjo, na penye mkunjo ndipo waya utakapokatikia. Kwa hiyo tulikuwa tukiunyoosha njiani, kutoka mkorosho wa uani kwake mpaka mkorosho wa mwisho wa uchochoro. Yeye alikaa na fimbo na gurudumu, mimi nikisimama kule mbali nimeushika waya kwa khanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, nikisogea kwake hatua kwa hatua kadiri anavyozungusha.

"Kaza!"

"Nimekaza, Bibi."

"Hujakaza. Kaza kama unavuta mbuzi."

Nikikaza, anasema nitaukata. Nikilegeza, anasema nimemharibia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, watu wazima husimama kunisalimu, lakini katika uchochoro ule nilifokewa mbele ya wanafunzi wangu kama mtoto aliyemwaga mboga. Tukimaliza alipitisha vidole kwenye gurudumu, akanung'unika, akaufungua wote, tukaanza upya. Shukrani sikuwahi kuisikia. Akiridhika sana alisema, "Leo umejitahidi kidogo."

Siku moja, msimu wa korosho, kijana wa bodaboda alikuja kasi uchochoroni na kifurushi cha ming'oko nyuma. Waya ulikuwa umenyooshwa usawa wa kifua. Nilipiga kelele. Kijana akafunga breki, pikipiki ikalala kwenye mchanga, ming'oko ikatawanyika. Hakuumia, lakini watu walijaa, na mwenyekiti wa mtaa akaitwa.

"Shikamoo, Bibi," mwenyekiti alianza kwa heshima. "Bibi, hapa ni mtaani. Siyo baharini."

"Marahaba. Mwenyekiti, huyu kijana angekuja polepole angeuona waya."

"Wewe mwenyewe unauona, Bibi?"

Aliuliza kwa kejeli tu. Mimi nilikuwa karibu, na nilimwona Bibi Nesi akigeuza uso kuelekea mahali ambapo waya haukuwapo. Alisema tutahamia nyuma ya nyumba, akamsaidia kijana kuokota ming'oko, akipapasa mchanga kwa viganja vyote viwili.

Baada ya siku ile nilianza kumwangalia kwa makini, na niliyoyaona hayakunipendeza. Chai aliimimina pembeni ya kikombe, akalaumu meza imepinda. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote, ila kurasa hakufunua. Alikuwa na nyimbo zote kichwani. Mtu akimwamkia njiani alingoja aongee tena ndipo amtambue. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa na ukungu mweupe, kama maji ya kuoshea mchele. Hata mimi nisiye nesi niliujua: mtoto wa jicho. La kushoto halikuwa na ukungu wa namna ile, ila nalo alikuwa akilisaidia kwa kugeuza shingo.

Hapo ndipo hasira yangu kwake ilipopata mizizi. Maana huyu mwanamke alikuwa ndiye aliyewapeleka nusu ya wazee wa Newala kupasuliwa macho. Aliingia nyumbani kwa mtu bila hodi ya pili, akamshika mzee kidevu, akamwinulia kope.

"Babu, huyu mtoto wa jicho amekomaa. Kesho unakwenda hospitali ya misheni."

"Naogopa kisu, mwanangu."

"Kisu gani? Hutasikia hata siafu. Unaingia asubuhi, kesho yake unawaona wajukuu. Au hutaki kuwaona?"

Na walikwenda. Nimewaona kwa macho yangu wakirudi, mzee mmoja akasimama barabarani akicheka kwa sababu ameona kuku. Sasa mtu huyo, mwenye maneno hayo mdomoni, nilipomwambia habari ya jicho lake alinitazama kama nimemtukana.

"Hili ni vumbi la salfa. Watu wanapulizia mikorosho."

Msimu wa kupulizia ulipopita, ikawa ni jua. Jua lilipopoa, ikawa ni Kwaresma, hawezi kulala hospitali wakati wa Kwaresma. Mvua zikaja, barabara ya kushuka mlimani inateleza. Nilimbembeleza kwa upole, kwa ukali, kwa machozi. Nilimwambia nitaomba ruhusa shuleni, nitalala naye wodini, nitampikia. Mara moja tu alinijibu bila kisingizio.

"Mwalimu, mimi nimewashika watu vichwa pale mezani. Najua kinachofanyika."

"Sasa kama unajua?"

"Ndiyo hiyo sababu."

Akachukua koleo lake akaendelea na kazi. Nilitoka pale nikaenda kupiga nguo kwenye jiwe mpaka vifungo vikakatika.

Kazi yenyewe alikuwa akiifanya kwa vidole. Mwisho wa waya unapounganishwa na kile kipete kinachozunguka, cha kushikia chambo, huwa haufungwi fundo, unasukwa. Unaukunja, unazipitisha ncha mbili zikizungukana kama mtu anayesuka ukili, kisha unamalizia kwa mizunguko midogo iliyobanana. Alinifundisha huo msuko kwa matusi kwa miaka, nami nikaujua.

"Zote mbili zizungukane," alirudia. "Ukiacha moja imelala, nyingine ndiyo inahangaika kuizunguka, itachomoka. Hata ndoa ni hivyo."

Yeye ndoa yake ilichomoka zamani, na hakuipatia maneno mengine zaidi ya hayo.

Ncha iliyobaki hakuikata kwa koleo, maana inaacha mwiba. Aliipinda huku na huku mpaka ikavunjika yenyewe, laini. Msuko wake ulibaki mzuri hata alipokuwa haoni, hilo siwezi kumnyima. Tatizo lilikuwa mikunjo. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa sababu ya waya huo huo, na mikunjo midogo ilimpita. Mimi niliiona. Nikimwambia, "Bibi, hapa pamekunjika, tukate," alipitisha kidole, akasema, "Hapana kitu. Macho yako yanakudanganya."

Macho yangu!

Safari ya mwisho niliyokwenda naye ilikuwa wakati wa likizo ya Juni. Tulipitia Tandahimba, tukafika Mikindani, na Nahodha akatupokea kama kawaida. Nahodha alikuwa mtu wa pale pale, mpole, mwenye boti ya fiba na injini ndogo ambayo aliisikiliza kuliko alivyosikiliza watu. Alimheshimu Bibi Nesi. Mama yake alikuwa mmoja wa wale walioinuliwa kope. Kesho yake asubuhi tulitoka, Bibi akatapika, akafuta mdomo, akaanza kuachia waya.

Kuachia waya kuna adabu yake. Kidole gumba kinakaa juu ya gurudumu muda wote, kikilizuia lisizunguke upesi kuliko waya unavyotoka. Bibi aliijua adabu hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini siku hiyo kitanzi kilisimama juu ya gurudumu, kidogo tu kama kope, na hakukiona. Nilifungua mdomo kumwambia. Kabla sijasema, samaki aligusa.

Fimbo ilipinda mpaka ncha ikaingia majini. Waya ukaenda, kitanzi kikafuata, kikakwama kwenye kipete cha kwanza, na mizunguko mingine ikaruka nyuma yake, fundo tupu.

"Umekwama wapi?" Bibi alipiga kelele. "Mwalimu, umekwama wapi?"

Nahodha aliacha injini, akanyoosha mkono kuuchomoa. Samaki akavuta tena. Waya ukambana kidole, ukakichana, kisha wenyewe ukakatika hapo hapo juu yake. Damu ikatiririka kwenye mbao. Samaki alikuwa ameshakwenda.

"Leta mkono," alisema Bibi Nesi.

Sauti ilibadilika kabisa. Haikuwa tena ya bibi wa kufoka. Nadhani ndiyo sauti iliyotumika miaka yote katika chumba kile. Alinyoosha mkono kwangu bila kugeuka, nami nikaelewa, nikachana khanga. Aliushika mkono wa Nahodha, akaubana penye kifundo, akafunga kitambaa upesi na kwa nguvu, mikunjo iliyolala sawa kama ya kwenye kitabu cha mafunzo. Akapiga fundo.

Alikuwa amefunga kidole kizima. Kile kilichokatwa kilikuwa pembeni yake, kinavuja.

Nahodha alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Bibi," nilisema mwishowe, "siyo hicho. Ni cha jirani yake."

"Kipi?"

"Hicho kinachotoka damu."

Aliuinua ule mkono mpaka karibu na pua yake. Akaugeuza kuelekea juani. Kisha akauweka chini polepole juu ya goti la Nahodha, akasogea nyuma, akakaa. Nilifunga mimi. Nilifunga vibaya, naye hakunisahihisha. Ndiyo mara ya kwanza nilitamani anifokee.

Ufukweni, Nahodha alimsaidia kushuka. Akangoja mpaka watu wakapungua.

"Bibi," alisema, "kidole kitapona, Mungu akipenda. Hilo lisikuumize. Lakini chombo hiki ninakijibia mimi. Mpaka uone, hupandi."

"Sawa, Nahodha."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa."

Basi. Tukaanza safari ya kurudi Newala. Nilikuwa nimekaa naye kiti kimoja, fimbo imelala miguuni petu, na nilijua nikisema lolote nitalia kwa hasira. Miaka yote nimembembeleza! Halafu nikajiambia, haya, sasa ameambiwa na mwanamume mwenye chombo, tuone. Tukafika. Kesho yake alikaa uani kwake akichambua kunde kana kwamba hakuna lililotokea. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilimwuliza mara moja, akasema kunde zina wadudu mwaka huu.

Kabla mwaka haujaisha nilihamishiwa shule moja ya Masasi. Siku ya kuondoka nilimuaga Bibi Nesi kwa ubaridi, naye akaniaga kwa ubaridi. Alinipa kibaba cha korosho za kubangua na kuniambia nisimpe mtu mwenye meno mabovu.

Habari nilizipata kwa simu, tena kutoka kwa Nahodha.

"Mwalimu, Bibi kafanyiwa. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Alikuwa ameshuka peke yake kwa basi, akalala wodini peke yake, akala chakula cha kununua. Alipita Masasi pale pale, akaiona stendi, kama aliiona, na hakunipigia. Nilimshukuru Nahodha, nikakata simu, na siku hiyo wanafunzi wa kidato cha pili walilipa kosa lisilo lao.

Alinitokea miezi baadaye, Jumamosi, bila taarifa. Nyumba niliyopanga Masasi imekaa juu, chini ya jabali, na ili uifikie unapanda ngazi za mawe kutoka barabarani. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta amesimama na miwani myeusi, anahema. Nikamwamkia. Aliitikia, akavua miwani, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Mwalimu, umezeeka."

"Karibu ndani, Bibi."

"Una mvi. Tangu lini una mvi?"

"Tangu zamani."

Alikaa, akaitazama chai nikimimina, akatazama ukuta, kalenda, mjusi aliyekuwa darini. Alikuwa ametoka kliniki kupimwa tena, akaniambia. Jicho la kulia lilikuwa zuri. Aliweza kusoma hata maandishi ya kwenye kiberiti.

"Na Nahodha?"

"Amenipandisha. Sikupata kitu. Niliutazama ule waya kabla ya kutoka, nikaukata wote nikautupa, nikaweka mpya. Ulikuwa umejaa mikunjo, Mwalimu. Waya wa mwendawazimu. Na wewe ulikuwa unauona!"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia," alikubali, akanywa chai.

Nikamwuliza la kushoto. Akaweka kikombe chini, na akakiweka ukingoni kabisa mwa meza, mpaka nikakisogeza.

"Hilo halirudi. Kumbe lilikuwa na presha ya jicho, imeshakula mshipa wa ndani. Daktari ni kijana, mpole. Alisema ningekuja mapema kidogo wangelizuia. Nilimwambia najua, mwanangu, hayo maneno nimewaambia watu tangu hujazaliwa."

Nilisimama nikaenda dirishani. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Nje watoto walikuwa wanateleza kwenye jabali kwa vipande vya maboksi.

"Sema," alisema nyuma yangu.

"Sina la kusema."

"Unalo. Limekujaa mpaka shingoni, naliona. Siku hizi naona."

"Ningekupeleka mimi," nilisema. "Miaka yote ile, Bibi. Ningekupeleka, ningelala nawe, ungekuwa na yote mawili. Umekwenda peke yako kama mtu asiye na watu."

Alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya khanga, akiiinua kwenye mwanga, akiifuta tena.

"Ungenishika mkono," alisema. "Mlangoni, korido nzima, mpaka mezani. Nimewaona wanavyoingia pale, wameshikwa mkono. Watu wazima. Mimi sikuweza, Mwalimu. Nilijaribu kuliwaza na nikashindwa."

Nilikuwa bado na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa haina tena mahali pa kwenda.

Jua lilipoanza kulegea akasema basi la Newala litamwacha. Nilimchukulia mfuko wake, tukatoka. Pale kwenye ngazi alisimama. Aliutanguliza mguu mmoja, akaurudisha. Akainamisha kichwa, akakigeuza kulia, akaupeleka mguu tena hewani, akayatafuta mawe ambayo hayakuwa mbali kiasi hicho.

"Kupanda nilipanda vizuri," alisema kwa kuudhika. "Kushuka ndiko kubaya. Jicho moja haliambii ngazi iko chini kiasi gani."

Nilisimama pembeni yake na mfuko. Mkono sikumnyooshea. Magari yalipita barabarani, kondakta wa basi moja akaanza kuita Newala, Newala, na Bibi Nesi akaendelea kuzitazama ngazi kama mtu aliyetukanwa nazo.

Halafu akanyoosha mkono upande wangu, bila kunitazama.

"Haya," alisema. "Shika. Na usinivute."